Nilijifunza kupiga picha za mistari ya nyota, baba akaniomba nimkuzie Kilimia

Wakuu, salaam.

Hili sijahadithiwa, limenikuta mwenyewe. Anayetafuta cha kucheka leo apite tu, kuna nyuzi nyingine.

Nilikuwa na studio ndogo ya picha Masuguru, Korogwe. Kamera za filamu zilipokufa na kila mtu akawa na kamera kwenye simu, mimi nikabaki na benchi, pazia la maua na kamera moja ya digitali, mtumba wa Dar. Wateja hakuna. Nikawa nashinda intaneti kafe.

Huko ndiko nilikokutana na picha za mistari ya nyota. Unafunga kamera kwenye stendi, unaacha shata, kile kipazia cha ndani kinachoingiza mwanga, wazi muda mrefu, dunia inazunguka, kila nyota inachora mstari wake. Aisee, nilichanganyikiwa.

Mwanzoni nilifeli vibaya. Pale mjini taa za malori zilikuwa zinaunguza picha yote. Nikienda Mazinde kwenye mkonge, umande unakaa kwenye lenzi, picha inatoka nyeupe kama uji.

Sasa, baba yangu ni mkulima, anaishi Mazingara kule Handeni na mdogo wangu Mwanahamisi. Maisha yake yote amepanda mahindi kwa kuangalia Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana. Siku moja akanipigia simu.

"Mwanangu, mwaka huu Kilimia sikioni vizuri. Macho yana ukungu kidogo. Njoo na hiyo mashine yako unikuzie nikione."

Nilifurahi kama mtoto. Nikafunga safari.

Giza la Mazingara ni giza kweli. Nikasimamisha stendi uani, kamera ikatazama juu ya paa, upande wa Kilimia. Nikachuchumaa na mbu wangu.

Ikatoka picha safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Ila nyota zote zilikuwa mistari, hata mimi nisingeweza kukuonyesha Kilimia ni kipi. Nikataka kurudia kwa kufungua shata muda mfupi, nyota zibaki nukta, lakini baba alishatoka ndani, anapapasa ukuta.

"Lete nione."

Nikampa. Akaisogeza kamera mpaka puani, akatabasamu.

"Ee, hiki hapa! Nimekiona, mwanangu." Akaweka kidole kwenye kioo, akahesabu taratibu. "Moja, mbili, tatu..." Mpaka sita.

Wakuu, picha ile haikuwa na nyota hata moja ya kuhesabika. Na kidole chake kilikuwa kwenye paa la nyumba.

Nikamtazama Mwanahamisi. Akatikisa kichwa, nisiseme.

Baadaye jikoni akaninong'oneza, "Kaka, hata mimi ananijua kwa sauti tu. Hataki ujue. Anasema utafunga studio yako urudi huku."

Iliniuma sana. Studio yenyewe ilikuwa imeshakufa, na yeye nilikuwa namwambia inakwenda vizuri.

Nilimpeleka hospitali kwa kisingizio cha huo huo ukungu kidogo. Daktari akaniita pembeni. Presha ya macho, tumechelewa.

Nilichojifunza: mzee akikuambia ukungu kidogo, kamera iache nyumbani, mpeleke kwa daktari kesho yake.

Mpaka leo akinipigia ananiambia Kilimia kimetoka, amekiona. Kisha ananiuliza wateja. Namwambia wamejaa.

Mliopitia haya naombeni ushauri. Nani aanze kusema ukweli, mimi au yeye?