Mpira Usiokuwepo

Ukimwuliza mtu yeyote hapa mjini kwetu Pinckard habari za shemeji yangu Ezell Tarpley, atacheka kwanza. Atasema, "Yule mzee wa sinema?" kisha atarusha mkono hewani kama anayetupa mpira, na kucheka tena. Marehemu dada yangu Verdell alikuwa mkewe, nami naishi nyumba ya pili kutoka kwake. Kicheko hicho nimekisikia mpaka kimenitokea puani.

Ezell alikuwa mdakaji wa Korongo Weusi, timu ya besiboli iliyozunguka majimbo ya Georgia na Alabama, kusini mwa Marekani, kwa basi bovu, enzi zile Wazungu hawakutaka tucheze nao ligi moja wala tunywe maji bomba moja. Mdogo wake, Otha, alikuwa mpigaji. Ezell alikuwa hodari, sikatai, lakini Otha alikuwa kitu kingine. Akishika gongo la kupigia mpira, hata wauza karanga walinyamaza.

Mechi za burudani dhidi ya Wazungu, mjini kwao, zilikuwa na taratibu zake. Kabla ya mechi mlicheza mpira wa kivuli: mnarushiana mpira ambao haupo, mnaudaka, mnagaagaa vumbini, watazamaji wanavunjika mbavu. Mkianza kushinda, mnachekesha zaidi. Aliyeupiga mpira ukavuka ua wa uwanja, pigo la kushinda yote, alivizunguka vituo vinne akikimbia kinyumenyume, au alijikwaa makusudi, ili wenye mji wasione kwamba wameshindwa na wanaume wenzao. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Ezell aliubusu miaka yote, na basi likarudi nyumbani na magurudumu yake.

Siku moja, katika mji mmoja wa Alabama, Otha hakuubusu. Aliupiga mpira ukavuka ua, ukavuka na barabara, kisha akavizunguka vituo vyote kwa mwendo wake wa kawaida, uso mkavu, kama mtu anayetoka kazini. Wazungu wa mji ule wakamngoja kwenye basi. Walimpiga kwa gongo lake mwenyewe. Jicho la kushoto likaenda, na besiboli ikaenda nalo. Tangu hapo akawa mfagiaji wa ghala la pamba, na mtu akitaja mpira mbele yake, huinuka akaenda kuangalia kuku wake.

Miaka ikapita, vibao vya "Wazungu tu" vikang'olewa, halafu wakaja watu wa sinema. Mkubwa wao aliitwa Kessler, kijana wa Kizungu wa California mwenye ndevu na adabu, neno "heshima" halimtoki mdomoni. Alitaka mtu wa kuwafundisha waigizaji mpira wa kivuli. Ezell akaichukua kazi hiyo, lakini alikuwa na lake moyoni.

"Shemeji," aliniambia, "dunia nzima itauona ule mpira ukivuka ua. Itamwona alivyotembea. Na Otha atajiona."

Kessler alikuja kuisikia habari hiyo barazani kwangu. Mimi ndiye niliyewamiminia chai ya barafu, kwa hiyo sikuhadithiwa.

"Wee, bwana Kessler, ungalikuwepo!" Ezell alisimama, akatoa macho. "Jamaa ana tumbo kama pipa, anamkimbiza mdogo wangu kulizunguka basi! Otha huyo, kajirusha dirishani, makalio yamenasa! Sisi ndani tunavuta, wao nje wanavuta, suruali inalia chwaa!"

Kessler alicheka mpaka chai ikampalia. "Halafu, mzee?"

"Halafu basi likatimka! Kuku wa watu wanaruka huku na huku, sisi hatugeuki nyuma!"

Akaketi. Nilingoja jicho. Halikuja.

Mgeni alipoondoka nikamvaa. "Na jicho je, Ezell?"

"Nitamwambia kesho."

"Leo ulikuwa na nini?"

"Shemeji, aliniuliza huku anatabasamu."

Nilikasirika, lakini nilimwelewa, na hilo ndilo lililonichoma. Sisi tulilelewa hivyo. Mzungu akikuuliza jambo lako zito, unamchekesha kwanza, umpime. Ukiona hana ubaya ndipo unamwambia. Mara nyingi hatufiki huko. Na kesho ya Ezell ilisukumwa mbele kila siku, hadi watu wa sinema wakafunga mizigo yao.

Sinema ilipoletwa mjini, Ezell alimnunulia Otha tai. Otha akakataa kwenda. Ezell akambembeleza kama mtoto. "Njoo ujione, mdogo wangu. Safari hii hakuna wa kukungoja kwenye basi."

Tulikaa viti vya chini, katikati, sisi ambao zamani, kwa weusi wetu, tulipandishwa roshani. Mpira ukapigwa, ukavuka ua. Nikamwona Ezell akimshika Otha goti. Halafu yule mwigizaji akaanza kuvizunguka vituo huku anacheza dansi. Likatokea tumbo kama pipa. Likatokea dirisha, suruali ikachanika, kuku wakaruka. Wazungu walicheka, na wetu wakacheka. Mchungaji wangu mwenyewe alijipiga paja. Otha alitazama kwa jicho lake moja, uso mkavu.

Nje, Kessler alitujia anang'aa. "Umeonaje, mzee? Nimeiweka vilevile ulivyonisimulia. Hata wale kuku!"

Ilikuwa kweli. Nilitafuta uongo wa kumpiga nao usoni, sikuupata. Na Ezell, Mungu amsamehe, alitabasamu. "Safi, bwana. Safi kabisa."

Otha alisubiri Kessler aondoke. "Kumbe ni wewe uliyemsimulia?"

"Mdogo wangu, nilitaka tu..."

"Kaka, mimi nilinasa dirishani?"

Ezell akageuka kuangalia mlango wa sinema.

"Nakuuliza. Nilinasa?"

"Hukunasa."

Otha akaivua tai, akampa mkononi, akaenda zake kwa miguu.

Jumapili baada ya ibada, Ezell aliniomba nimsindikize. Tulimkuta Otha uani na kopo la mahindi, kuku wamemzunguka. Ezell alisimama mbali kidogo. Alirudisha mkono nyuma polepole, akamrushia mpira wa kivuli, wa kweli, bila mzaha wowote, kama walivyorushiana wakiwa watoto wasio na senti ya kununulia mpira. Nikamwomba Mungu auinue mkono wa Otha kuudaka.

Otha hakuuinua. Aligeuza kichwa taratibu, akaufuata kwa jicho mpaka kwenye senyenge.

"Umenipita," alisema. "Kauokote mwenyewe."

Shemeji yangu, mtu mzima, magoti yake mabovu, akaenda mpaka kwenye senyenge, akainama, akapapasa majanini. Vijana wawili waliokuwa wakipita barabarani walimwona, wakamtambua, wakaanza kucheka.