Mokaya Hana Mbegu

Kuna watu nyumba zao zimevunjwa na pombe, wengine na mdomo wa mama mkwe. Mokaya, ndugu ya babu yangu, alivunjiwa nyumba na droo ya tenisi. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele hakuna pa kuchekea.

Mwaka ni 1971, kwa estate moja ya chai juu ya Kapsoit. Mokaya alikuwa ametoka Nyamira kuja kuchuma majani, lakini mgongo ukakataa kikapu. Wakampeleka klabu ya mamanija akatunze uwanja wa tenisi. Asubuhi anavuta rola juu ya murram, anachora mistari na chokaa, na bwana yeyote akikosa mtu wa kucheza naye, Mokaya anashika raketi. Na jamaa alikuwa moto, usicheze. Raba zake zilikuwa zimetoboka mpaka kidole kinachungulia nje, na bado mabwana walikuwa wanakimbizwa huku na huku kama kuku wa Krismasi.

Kwake nyumbani ndiko alikuwa anapigwa. Yeye na mkewe, Nyamoita, walikuwa wamekaa miaka sita bila mtoto. Mzee Ratemo, baba ya Nyamoita, alikuwa ashatuma neno: mwaka huu ukiisha bila mimba, binti yangu anarudi, na ng'ombe zenu mnarudishiwa. Na wa kuichunga hiyo mimba alikuwa hapo hapo kwa laini za nyumba za wafanyakazi. Bogonko, kaka ya Nyamoita, alikuwa anafanya kazi factory, upande wa kunyausha majani. Huyo alikuwa CCTV kabla CCTV haijaletwa Kenya.

Basi klabu ikaandaa mashindano ya wachezaji kumi na sita kutoka estate mbalimbali, na kwa mara ya kwanza wakasema mfanyakazi mmoja anaweza kuingia. Unajua ni nani. Lakini kwanza lazima kila mchezaji apimwe na daktari, kifua na moyo tu, asije akaanguka uwanjani. Laini nzima ilimwona Mokaya akiingia kwa daktari na kutoka.

Sasa wacha nikuelezee droo, yaani vile wanapanga nani atacheza na nani, nitaenda pole pole. Ukitia majina yote kumi na sita kwa kofia na kuyatoa ovyo, wale wakali wawili wanaweza kukutana siku ya kwanza. Mmoja anaenda nyumbani mapema, na fainali inakuwa ya kulala usingizi. Kwa hivyo wakali wanne wanatolewa kando kwanza, kufuatana na vile wamekuwa wakishinda. Namba moja anaandikwa juu kabisa ya ubao, namba mbili chini kabisa, tatu na nne wanatenganishwa hapo kati, kila mmoja na robo yake. Hao hawawezi kukutana mpaka mashindano yanaelekea kuisha. Wale kumi na wawili waliobaki ndio wanaingia kwa kofia, na kila mtu anaangukia pale bahati imemtupa, hata kama ni mdomoni mwa simba. Wale wanne waliotengwa, Wazungu wanawaita "seed". Yaani mbegu. Kwa nini mbegu? Usiniulize, mimi sikuwa kwa hiyo mkutano.

Kofia ikamtupa Mokaya kwa namba tatu, manija wa estate jirani.

Aliyepewa kazi ya kuwatangazia wafanyakazi ni karani Kipkoech. Mtu mzuri, hana uongo hata wa kukopa, shida yake ilikuwa moja: alitafsiri neno kwa neno. Saa ya kupima majani, watu wamejipanga na vikapu kwa mizani, akapanda juu ya sanduku la chai.

"Wenye mbegu ni wanne!" akasema. "Mbegu ya kwanza ni manija wetu. Mbegu ya tatu ndiye atacheza na Mokaya wetu. Mokaya hana mbegu."

Mtu wa mizani akaachia mnyororo.

"Eti umesemaje, karani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Kipkoech akadhani hawajasikia. Akapandisha sauti, na akipandisha sauti lafudhi yake ya Kipsigis ilikuwa inamtoka yote. "Hana mpeku! Taktari amempima, amesema ako sawa, anaweza kucheza. Lakini hana mpeku!"

Wueh.

"Woi, Nyamoita!" Mokeira, jirani yao, akaweka kikapu chini. "Kumbe tumekuwa tukikusema bure, mama!"

Watu wakacheka mpaka majani yakamwagika. Mokaya hakuwepo, alikuwa anavuta rola. Bogonko alikuwepo. Hakucheka.

Jioni alimngojea Mokaya mlangoni.

"Shemeji, kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie nini? Hiyo ni maneno ya mchezo. Mbegu ni mtu anajulikana kwa kucheza."

"Na daktari alikuwa anapima nini?"

"Kifua!"

"Kifua," Bogonko akasema, kama mtu anaonja uji umeungua. Akaenda zake.

Ndani Nyamoita alikuwa anasonga ugali, mgongo kwa mlango.

"Leo wanawake wamenisalimia vizuri," akasema. "Miaka sita, ndio mara ya kwanza wananionea huruma."

"Na wewe umeamini?"

"Mimi naamini karani ni mjinga. Lakini baba akiambiwa daktari amesema, nitamjibu aje? Hata raketi hajawahi kuona." Akageuza ugali. "Ukimpiga huyo namba tatu inakuwaje?"

Mokaya hakujua. Kesho yake akamuuliza Kipkoech.

"Ukimpiga unachukua nafasi yake kwa ubao," karani akasema.

Na ni kweli, mshindi ndiye anasonga mbele. Lakini mtu anazama akirushiwa kamba haulizi ni ya nani. Mokaya alisikia "nafasi" akaelewa "mbegu". Akakimbia mpaka factory kumwambia Bogonko: mlete mzee Jumamosi, nikimpiga huyo bwana karani atasoma tena, na mzee atasikia na masikio yake. Hapo ndipo alijimaliza. Hakuna mtu alimwambia aite shahidi.

Jumamosi wafanyakazi wakajaa nyuma ya ua wa miiba ya kayaba. Ratemo akasimama mbele yao na koti lake la kanisa, Nyamoita upande mmoja, Bogonko ule mwingine. Mokaya alipoteza seti ya kwanza. Seti ya pili akaanza kuupeleka mpira pembeni, mara kushoto, mara kulia, mpaka yule bwana akawa mwekundu kama makaa ya moto. Ya tatu haikuwa hata mchezo. Watu wakapiga nderemo, mtu akamrusha mwenzake kwa kayaba. Nyamoita akalia, akacheka, akalia tena.

"Karani," Ratemo akasema. "Soma."

Kipkoech akasimama wima. "Mokaya, ambaye hana mbegu, amempiga mbegu ya tatu."

"Bado hana?"

"Bado, mzee. Droo ikishatoka imetoka. Labda mwaka ujao wataangalia tena."

"Na huyu amepigwa, bado yeye ni mbegu?"

"Ndiyo. Ni mbegu ya tatu."

Mokaya akafika mbio, jasho linamwagika. "Baba, hiyo ni hesabu ya ubao tu—"

Ratemo akainua mkono. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mtoto wangu, umecheza vizuri, nimeona. Lakini kama ni kitu cha mchezo, ungekipata ukishinda, na yule angekipoteza akishindwa. Hiki hakitoki kwa mtu na hakiingii. Basi ni cha mwili."

Jibu hapo kama una jibu.

Nyamoita alimwambia babake mara mbili kwamba hataki kwenda. Mara ya tatu akaenda kufunga nguo zake.

Jumapili asubuhi jina la Mokaya likaitwa uwanjani, likaitwa tena, na mpinzani wake akapitishwa bila kupiga mpira. Mokaya alikuwa ashashuka gari Nyamira, anapanda kilima kwa Ratemo na miguu, amebeba kuku wa kuombea mkewe.

Hakufika. Katikati ya kilima alikutana na ng'ombe wanne wakishuka kurudi kwa baba yake Mokaya, wale wale wa mahari. Njia ilikuwa nyembamba. Akapanda ukingoni, akakumbatia kuku, akawapisha.

Bogonko alikuwa nyuma yao na fimbo.

"Shemeji," akamsalimu, kwa mazoea. Halafu akaangalia chini, akajirekebisha. "Mokaya."