Ngoma ya Kithai Harusini Kwangu

Mimi si mtu wa kukaa kitako. Hata siku ya harusi yangu, nimepambwa, nimewekwa kitini mbele ya wanawake wa Ibra, huku Omani, nimekatazwa kuinuka wala kusema, mguu ulikuwa ukinitikisika chini ya gauni. Macho yangu yote yalikuwa kwa mama.

Mama alikuwa amepooza upande wa kulia, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mkono ukajikunja, ngumi haifunguki. Mdomo ukaenda kombo kidogo. Basi kila aliyekuja kumtazama alisema, "Miskina!" Lo, neno hilo alilichukia! Mama alizaliwa Unguja, mtu wa ngoma na mzaha, hakuzoea kuonewa huruma. "Miskina mama yao," akininong'oneza mgeni akishatoka.

Tukaenda Bangkok kutibiwa, kama walivyokwenda wengi wetu. Msichana aliyemfanyisha mazoezi pale hospitali alifundishwa ngoma ya kwao tangu mdogo. Alipoona mama kachoka kufinya mpira, aliketi naye mkekani, akaanza kumkunja vidole kuelekea nyuma, taratibu, kama wanavyofundishwa wachezaji wa Kithai. Ijumaa moja akaja kavaa kucha ndefu za shaba, akatuchezea. Haruki, hatikisi kiuno. Magoti yamepinda kidogo tu, na vidole ndivyo vinavyosema. Mama alilia.

"Mwanangu," akaniambia, "ngoma hii hata mimi naiweza. Nitakuchezea siku yako."

Tangu hapo hakunipa raha. Tumerudi Ibra, kila asubuhi baada ya sala tuko chini sebuleni, tunakunja vidole, yeye na mimi. Nikilegea, ananifokea: "Hebu kaza, we!" Na mimi hofu imenijaa. Nikamwambia, mama, hao wakwe watu wa mji wa Samad Ash Shan, hawakujui, ukianguka mbele yao itakuwaje? Akanikata jicho, akaendelea.

Basi siku hiyo ya harusi, wapiga matari walipopumzika, mama akainuka. Akaja mbele yangu bila fimbo. Akapinda magoti, akanyanyua ule mkono, ngumi ikaanza kufunguka, kidole kimoja, kingine, polepole. Hakuna tari, hakuna nyimbo, ukumbi mzima umemtolea macho.

Na wao, wallahi, wakadhani kapandwa na shetani! Mavyaa wangu, mama yake bwana harusi, akaita bismillahi, akachukua chetezo, akaanza kumfukiza ubani. Halafu akamwuliza shetani kwa Kiarabu, kama ilivyo desturi, anataka nini apate kumwachia mama wa watu. Mwengine kashamkamata mama nguo kwa nyuma. Nilitamani kupiga ukelele. Siku hiyo nilichukia kuwa biarusi.

Mama hakushusha mkono. Akajibu kwa Kiarabu hicho hicho, huku anakohoa kwa moshi: "Nataka mnipishe. Namchezea mwanangu. Na sitaki mtu aniite miskina tena."

Aa, hapo nilishindwa. Niliruka kitini na gauni langu la kijani, nikasimama mbele yake, nikapinda magoti, nikakunja vidole kama vyake. Nyuma yangu nikasikia mtu anapaza sauti, "Ya Rabi, na biarusi naye kapandwa!" Mavyaa akanigeuzia mimi chetezo, kanikodolea macho.

"Na wewe wataka nini?"

Mama aliangua kicheko. Alicheka mpaka akayumba, mguu ule mbovu ukamteleza, akanidaka mkono ili asianguke. Alinidaka kwa mkono wa kulia. Vidole vyake vilinibana mpaka nikaumia, na sikumwambia aniachie.