Matawi ya Mama Noeli

Tangu lami ifike mtaani kwao, pembezoni mwa Dodoma upande wa kuelekea Bahi, roho ya Joha haikutulia. Kila asubuhi alisimama mlangoni mpaka bintiye Shamila avuke kwenda shule. Magari yalipita kama yanafukuzwa. Mvua za kwanza ziliponyesha, kobe waliotoka vichakani walipondwa magamba, na digidigi aliyeshuka kilimani kunywa maji korongoni akakutwa amekufa mtaroni.

Watu waliandika barua kuomba matuta, wakangoja. Jirani yake Marselina, muuza mboga za mlenda ambaye mtaa mzima unamwita Mama Noeli, alichukua panga akaenda kukata matawi.

Aliyapanga ukingoni mwa lami, hatua mia kabla ya kivuko cha watoto wa shule, pande zote mbili. Dereva gani asiyejua maana ya matawi barabarani? Mbele kuna gari bovu. Wakapunguza mwendo, wakanyoosha shingo kulitafuta lori, wasilione. Wakati huo watoto wameshavuka. Joha alicheka mpaka akatokwa na machozi.

Wiki ya tatu madereva wakashtukia. Asubuhi moja Castory wa bodaboda aliyapita matawi bila kugusa breki. Shamila aliruka nyuma akaanguka, goti likachubuka.

"Mama Noeli, lori lako liko wapi?" Castory alipaza sauti akitokomea. "Fundi hajafika tu?"

Joha alikimbilia pale. "Dada, tuache," alisema akimwinua mtoto. "Wameshatujua. Na siku lori la kweli likiharibika hapa, nani atayaamini matawi?"

Mama Noeli alimpangusa Shamila vumbi bila haraka. "Hapo umesema kweli," alijibu. "Basi yasidanganye tena."

Kesho yake alipanga matawi kama kawaida, kisha akaenda mwenyewe kusimama kwenye kivuko, katikati ya njia ya magari yanayotoka mjini, kitenge chekundu kikiwa juu mkononi. Pikipiki ya Castory ikaja kwa kasi ileile. Joha alifumba macho. Aliposikia matairi yakilia akayafumbua: pikipiki imesimama hatua tano kutoka kwa Mama Noeli, abiria amemng'ang'ania Castory kiunoni.

"Shikamoo, mama. Unataka kufa?"

"Marahaba. Gari bovu ndiyo mimi, mwanangu. Subiri kidogo."

Abiria aliangua kicheko. Castory akazima injini. Watoto wakavuka, na nyuma yao kobe mmoja, taratibu, kama mwenye barabara yake. Mama Noeli hakumharakisha.

Joha alitazama upande wa pili. Kutoka Bahi lilikuwa linakuja lori, na watoto wengine walikuwa wanakimbilia kivuko. Huko matawi yalilala peke yake. Mama Noeli naye aliliona, akamgeukia Joha.

Joha alifungua kanga ya begani, akaingia barabarani, akaiinua juu. Lori likaanza kupunguza mwendo.