Foleni si Kiingereza

Mwalimu wetu wa Kiingereza wa kidato cha pili, kule Kongwa, alikuwa na sauti nzuri na roho mbaya, na vyote viwili alivitumia kwa bidii. Siku hiyo alitufundisha maneno ambayo sisi tumeyafunika yote kwa neno moja, mstari. Viti vilivyopangwa ubavu kwa ubavu ni “row”. Tarakimu zinazoshuka kutoka juu hadi chini ni “column”. Askari waliosimama bega kwa bega ni “rank”, na waliosimama mmoja nyuma ya mwingine ni “file”. Neno la watu wanaongoja zamu yao alituachia wenyewe. Kila mmoja aandike sentensi kuhusu asubuhi yetu bombani na ndoo zetu, na neno alitafute kichwani mwake.

Mimi sikuhitaji kutafuta. Neno nilikuwa nalo tangu utotoni, nimepewa na baba, aliyekuwa mlinzi wa geti la shule hiyohiyo. Alinieleza kwamba foleni si neno letu. Babu alilisikia kwa Wazungu wenyewe kwenye mashamba ya karanga: kila alfajiri msimamizi alipaza sauti, “Fall in!”, na vibarua wakajipanga. Watu wakalichukua, wakalifanya foleni. Hicho ndicho Kiingereza chote alichorithi baba, naye alinipa mimi kama mtu anavyompa mwanawe ndama.

Nikaandika: “Every morning we stand in a fall-in for water.”

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa mara mbili, mara ya pili polepole. Akauliza takataka ile nimeiokota wapi. Nilikuwa na uhakika, tena nilimpenda baba, kwa hiyo nikasimama nikasema, “Baba ndiye aliyenifundisha.”

“Kumbe tuna mwalimu mwenzangu pale getini na hatuna habari,” akasema. Akamtuma kiranja akamwite.

Baba aliingia ameshika kofia mkononi. Alidhani nimeugua. Mwalimu akamwamkia vizuri kabisa, “Shikamoo mzee, karibu,” halafu akamwomba awaeleze wanafunzi asili ya foleni. Baba akanitazama, akaona mimi ni mzima, uso ukamfunguka. Alidhani ameheshimiwa. Akaunganisha visigino, akanyoosha mgongo, akapaza sauti kama babu alivyomwonyesha: “Folini!”

Darasa lilicheka mpaka madawati yakasogea. Mwalimu hakucheka. Alimweleza kwa utulivu kwamba hiyo ni amri, si jina la kitu, na binadamu hasimami ndani ya amri. Watu wanaongoja zamu ni “queue”.

“Hebu itamke, mzee. Queue.”

“Kiu,” akasema baba.

“Rudia.”

“Kiu.” Akaona tunacheka, akataka kucheka nasi. “Kiu naijua, mwalimu. Si ndiyo inayowapeleka watoto bombani?”

Hapo hata walionyamaza kwa kunihurumia walishindwa kujizuia. Mwalimu akangoja kicheko kiishe chenyewe, hakukikatisha. “Asante, mzee,” akasema. “Sasa rudi getini. Kule hakuna anayekudai Kiingereza.”

Kinachoniuma ni kwamba mwalimu alikuwa sahihi. Nimelipekua neno lile kwenye kila kamusi niliyoishika, na sentensi yangu haisimami. Ningeweza kukosolewa pale pale kwenye daftari, kwa wino mwekundu, yakaisha.

Kuanzia kesho yake wanafunzi walipita getini wakipiga saluti. “Folini, mzee!” Siku za mwanzo baba alijibu kwa tabasamu. Kisha akaomba ahamishiwe zamu ya usiku, wakati geti limefungwa na hakuna mwanafunzi wa kupita. Neno foleni hajalitamka tena mpaka leo. Akilihitaji, husema “wale watu waliojipanga”. Mimi sikulia. Nilimchukia yule mwalimu kwa moyo wangu wote, nikajifunza Kiingereza kwa chuki hiyo, na nakuhakikishia chuki inafundisha kuliko kiboko.

Siku hizi nakaa dirishani katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma, mahali ambapo wastaafu huja kuhakikiwa. Mwaka jana alikuja yule mwalimu. Macho yamefifia, mkongojo mkononi, koti limemzidi. Watu wakampisha kama wazee wanavyopishwa, akafika mbele yangu akaegemea ukingo wa dirisha. “Mwanangu,” akasema, “miguu hainibebi. Nisaidie.”

Hakunitambua. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kuliko nilivyoisubiri harusi yangu. Nikamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya kufika mlangoni: “Sir, a row is for people who are seated. This is a queue. Please join it at the back.”

Mama mmoja akaguna. Mzee akakaza macho kwenye kioo, midomo ikicheza, na mimi nikangoja aibu imshuke usoni nimwone.

“Vizuri sana,” akasema. “Umetofautisha vizuri. Na matamshi yako safi.” Akageuka, akaenda nyuma kabisa, nje, juani.

Na mimi nikafurahi. Uso uliniwaka kama wa mwanafunzi aliyepigiwa makofi. Nimejilaani tangu hapo, lakini furaha ile niliisikia, na ilikuwa tamu.

Mwisho wa wiki nilikwenda nyumbani. Ndani ya basi nilikuwa nimeshaipanga hadithi yote ya kumsimulia baba, jinsi nilivyomrudisha yule mtu nyuma, na jua lilivyomchoma. Nilimkuta ameketi kivulini mwa nyumba, nikamwamkia, akanipokea mkoba.

“Bado ni wengi pale kwako,” akauliza, “wale watu waliojipanga?”

Nikafungua mdomo. Hadithi ilikuja mpaka pale mwalimu aliposema vizuri sana, ikagoma.

“Bado wengi, baba,” nikasema. Akaniambia ana kiu, nikaenda kumchotea maji.