Dhokla ya Mamangu Imepewa Mama Mwingine

Admin, jina langu lifute, la dhokla liache. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, nina mke na watoto wawili, tunaishi besimenti, chini ya nyumba ya watu, huku Brampton, Kanada. Mamangu aliwapikia Wahindi kule Ngara, Nairobi, miaka mingi, na ndiye aliyenifundisha dhokla: unga wa dengu, unaumuliwa, unapikwa kwa mvuke mpaka uwe kama sponji ya manjano, kisha juu mbegu za haradali.

Kila Jumapili napika sinia moja, mke wangu anaipeleka kanisani, mimi naingia zamu ya bohari. Kumbe huko anaitwa Mama Dhokla. Nilijua juzi tu, kina mama walipomwomba awafundishe. Nilipomuuliza akasema, "Baba Neema, unataka wajue mume wangu ndiye anayeshinda jikoni? Mimi nakulinda." Sikujua nina mlinzi.

Siku ya darasa nilipata ofu, nikaenda kupanga viti. Nilikuwa nimempimia kila kitu na kumwonya kwamba magadi yakishaingia, usingoje, weka kwenye mvuke papo hapo. Akatia magadi, uji ukaumuka vizuri, halafu akamwomba mama mchungaji abariki chakula. Mama mchungaji akaombea chakula, wapishi, wanaongoja makaratasi ya uhamiaji, na mvua kule nyumbani. Kufika amina, povu lilikuwa limelala. Kilichotoka sufuriani ungeweza kukitumia kupigilia msumari.

Dada mmoja akauliza mapishi haya aliyatoa wapi. Mke wangu akasema alirithi kwa marehemu nyanya yake. Dada akauliza tena, na hii ya leo je? "Leo unga alipima Baba Neema. Si mnawajua wanaume." Wakacheka. Nami nikacheka, na hicho ndicho kinachonikosesha raha.

Sasa darasa linarudiwa Jumapili, na litarushwa mtandaoni. Mke anataka nipike sinia nyumbani, aifiche, aitoe kama yake. Nikikataa, anasema, nimemvua nguo mbele ya kanisa. Lakini mamangu yuko hai, na ibada yetu huifuata kwenye simu. Kule Ngara wageni walikuwa wakila chakula chake na kumsifu mwenye nyumba. Hakuwahi kulalamika. Ila pale alikuwa kwa watu, hapa ni kwa mwanawe.

Nishaurini ndugu zangu. Asubuhi hii mamangu amenipigia kuuliza Jumapili tunaanza saa ngapi. Nimwambie nini?