Gesi ya Ng'ombe wa Jirani

Mimi si mtu wa kutulia, na tangu serikali iniletee gesi ndiyo nimezidi. Kila asubuhi, kabla sijainjika chai, natoka nje kuchungulia bomani kwa jirani kama ng'ombe bado wapo.

Mume wangu ananicheka. Miaka yote hapa Rudewa tumekuwa tukiwaombea hao ng'ombe wapotee. Walikula mahindi yetu, wakakanyaga mpunga wetu, nasi kila mkutano wa kijiji tulisimama kulalamika kwamba ng'ombe wamejaa masika na kiangazi, hawaondoki. Hapo tulitia chumvi, maana kiangazi wafugaji huhama kufuata malisho uwandani, upande wa Mikumi. Lakini ofisi ya kijiji iliandika na wilaya ikasoma. Ulipokuja mradi wa nishati mbadala, wa kuinua uchumi wa vijiji vilivyodorora baada ya mashamba ya mkonge kufa, wataalamu wakasema Rudewa kuna samadi mwaka mzima. Malalamiko yetu ndiyo yaliyowaaminisha. Wakatujengea mtambo wa bayogesi.

Nisiwe mwongo, mtambo huo umeniokoa. Ulichimbwa nyuma ya banda langu la mikate, bomba likaingia hadi kwenye tanuri. Zamani kuni zilinimaliza macho na mikate iliungua upande mmoja. Sasa inaiva sawasawa, naipeleka hadi Kilosa mjini, na mwanangu anasoma kwa mikate hiyo. Samadi nachukua kwa jirani yangu mfugaji, mama mtu mzima. Naenda na toroli, nami nampa mikate. Hatukuwa marafiki, tulikuwa tunafaana tu.

Mwaka huu, mavuno yalipokwisha, nilimkuta anafunga vibuyu vyake vya maziwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo toroli lijaze mpaka juu. Kesho tunahama."

"Mnahama ya nini, mama? Mto bado una maji."

"Maji yapo. Ng'ombe watakula nini? Mabua mnayachoma."

Alisema bila hasira, na hicho ndicho kilichoniuma. Kwetu mtu akishavuna huchoma mabua haraka, ili ng'ombe wasipate sababu ya kuingia shambani. Hakuna aliyetufundisha, tumekua tukiona hivyo. Nikamwambia waje kwangu, shamba letu lilikuwa bado halijachomwa. Alikuwa anatazama nyuma yangu, na nilipogeuka nikaona moshi unapanda upande wa shamba letu.

Toroli nililiacha palepale nikatoka mbio, kanga mkononi. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni ya moto, kiberiti mfukoni, ameridhika kabisa. Nikavunja tawi bichi nikaanza kuupiga moto.

"Mke wangu, umechanganyikiwa?"

"Zima!" nilimfokea. "Unachoma mikate yangu! Unachoma shule ya mtoto!"

Alinitazama kama hanijui. Nilikuwa nalia, na sikuona haya. Akasimama kidogo, kisha naye akavunja tawi lake. Tulipoumaliza ule moto tulikuwa weusi kama wachoma mkaa, na nusu ya shamba ilikuwa imeshakwenda.

Nilirudi kwa jirani hivyohivyo, na masizi yangu usoni. Nikamwambia nusu imebaki. Alinitazama mpaka miguuni, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaanza kufungua vibuyu.

Asubuhi nikaiondoa miiba ya ua kwa mikono yangu, ng'ombe wakaingia. Mume wangu alisimama pembeni, mikono nyuma, kanuna. Walipokwisha kupita wote, akasema bila kunitazama, "Mwambie wasifike kwenye mihogo."

Hawajafika. Mikate inatoka kama kawaida, na moto ni wa buluu, mzuri. Lakini mashamba ya wenzetu yote ni majivu, na nusu yetu haiwezi kuwafikisha ng'ombe kwenye mvua. Unga nimeuacha kwenye karai, nimesimama shambani nawatazama wanavyotafuna, natamani niwaambie wale polepole.